Chambo Bandia na Somo la Biolojia: Kamba Mwekundu, Kaa wa Mito na Samaki Mbuai

Katika shule zetu nyingi za sekondari, somo la Biolojia hufundishwa kwa ubao na chaki, na wanafunzi huchora kamba, kaa au samaki kutoka kitabuni bila ya kumtazama aliye hai. Sababu inayotolewa aghalabu ni uhaba wa vifaa. Makala haya yana shabaha ya kuonyesha kwamba ufundi mmoja wa wavuvi, yaani kutengeneza chambo bandia kwa nywele na manyoya, waweza kuwa somo kamili la maumbile, la tabia za wanyama na la Fizikia, kwa vifaa vinavyopatikana katika kijiji chochote. Mfano wetu mkuu utakuwa kamba mwekundu wa Ziwa Naivasha, Kenya. Baadaye tutauliza mwalimu aliyeko Gitting, karibu na Mlima Hanang, afanyeje, kwa kuwa katika vijito vyake wanyama wa kuigwa ni wengine, na kamba huyo, kama tutakavyoona, hafai kuletwa huko.

1. Maana ya chambo bandia

Chambo cha kawaida, kama vile nyungunyungu, humvuta samaki kwa kuwa ni chakula kweli. Chambo bandia si chakula. Ni ndoana iliyovikwa nywele, manyoya, nyuzi na shanga ili samaki aidhanie kuwa mnyama ambaye amezoea kumla. Kwa lugha ya sayansi tunaweza kusema kwamba chambo bandia ni kielelezo, na kielelezo chochote hakiigi kila kitu. Ramani ya Tanzania haina vumbi wala mvua, lakini msafiri hufika kwayo. Vivyo hivyo, mtengenezaji wa chambo hana budi kuchagua: ni sifa zipi za mnyama aziige, na zipi aziache?

Marekani, ambako ufundi huu umeendelea sana, mvuvi mashuhuri Dave Whitlock alibuni kielelezo cha kamba wa maji baridi akakiita NearNuff Crayfish. Jina hilo lina maana ya kamba "anayekaribia kutosha". Halikuwa jina la mzaha tu. Ndani yake mna kanuni nzima ya kazi hii: chambo hakihitaji kufanana na kamba machoni petu, bali kinahitaji kutosha machoni pa samaki.

2. Kamba mwekundu na besi wa Naivasha

Afrika bara haina kamba wa asili wa maji baridi wa jamii tunayoizungumzia hapa, wale wenye magando makubwa na gamba gumu. Madagaska wako wa jenasi ya Astacoides, lakini katika bara lenyewe nafasi ya kamba hao katika mito imeshikwa na kaa. Kamba wote wa aina hiyo wanaoonekana leo Afrika ya Mashariki ni wageni walioletwa na watu.

Aliyeenea zaidi ni Procambarus clarkii, ambaye asili yake ni mabwawa na vinamasi vya kusini ya Marekani, hasa Louisiana, na kaskazini ya Meksiko. Tutamwita kamba mwekundu kwa sababu ya rangi yake anapokomaa. Alitiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970 kwa nia ya kuongeza mazao ya uvuvi. Humo alimkuta Mmarekani mwenzake: besi mwenye mdomo mpana, Micropterus salmoides, aliyeletwa mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Besi ni samaki mbuai. Hujificha kando ya magugu akavizia, kisha hurukia mawindo kwa ghafla. Besi wakubwa wa Naivasha walimfanya kamba mwekundu kuwa chakula chao kikuu, na kwa sababu hiyo mvuvi atakaye besi hufunga chambo kilicho mfano wa kamba.

3. Maumbile na mwendo wa kamba

Kabla ya kushika uzi, mwanafunzi sharti amjue mnyama. Mwili wa kamba una sehemu mbili kubwa. Mbele kuna kichwa na kidari vilivyoungana chini ya gamba moja. Nyuma kuna tumbo lenye pingili, linaloishia kwa pezi pana la mkia lililokunjuka kama kipepeo cha makuti. Ana miguu kumi: jozi ya kwanza ni magando ya kukamatia na kujihami, na jozi nne ni za kutembelea. Kichwani ana papasi ndefu mbili na nyingine fupi, na macho yaliyo juu ya vikonyo.

Kamba ana mwendo wa namna mbili. Akiwa salama hutembea polepole sakafuni mwa maji, akielekea mbele. Akishtuka, hukunja tumbo kwa nguvu, pezi la mkia husukuma maji kuelekea mbele, na mwili wake huruka kinyumenyume. Hapa mwalimu anaweza kukumbusha kanuni ya tatu ya Newton: maji yanasukumwa upande mmoja, na kamba anakwenda upande wa pili. Kwa hiyo chambo cha kamba lazima kisafiri mkia ukitangulia. Fundi hufunga mkia karibu na tundu la ndoana ambako mshipi hufungwa, na magando huyaweka kwenye kipindo cha ndoana. Mvuvi avutapo mshipi, chambo huenda kinyumenyume kama kamba anayekimbia.

Jambo la tatu ni kujivua gamba. Gamba la kamba halikui. Kila anapotaka kuongezeka kimo hulivua, na kwa muda hubaki na ngozi laini. Wakati huo hana silaha, na samaki hulijua hilo.

4. Samaki hutambua nini?

Mwanafunzi anayeanza hupenda kutengeneza magando makubwa ya kutisha, kwa kuwa ndiyo yanayomvutia yeye. Samaki ana maoni mengine. Uchunguzi wa mtaalamu Roy Stein wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1977, ulionyesha kwamba besi wa aina nyingine, mwenye mdomo mdogo, huwapendelea kamba wadogo na wale waliojivua gamba, na huwaepuka madume wazima wenye magando makubwa. Sababu yake ni ya kiuchumi: mawindo yenye silaha huchukua muda mrefu kuyashika na kuyameza, na huenda yakamjeruhi mwindaji. Fundishano kwa fundi ni kwamba chambo kiwe kidogo, na magando yake yawe membamba na laini.

Kuhusu rangi, yafaa ikumbukwe kwamba maji hufyonza mwanga mwekundu mapema kuliko rangi nyingine. Rangi nyekundu inayong'aa mkononi huonekana nyeusi au ya kijivu kadiri kina kinavyozidi. Tena, kamba wachanga si wekundu, bali ni wa kahawia au kijanikijani. Kwa hiyo kahawia ya udongo yatosha.

Hatimaye, samaki hategemei macho peke yake. Ubavuni mwake ana mstari wa vitundu vyenye neva vinavyohisi mtikisiko wa maji. Nywele laini zinazopepea na kusukuma maji hugusa hisi hii. Ndiyo maana nywele za mbuzi ni malighafi bora kuliko inavyodhaniwa.

5. Namna ya kutengeneza

Vifaa: ndoana yenye shina la sentimita 2.5 hadi 3. Uzi imara wa kushonea. Waya mwembamba wa shaba kutoka katika mota au redio iliyokufa. Nywele za mbuzi. Sufi ya kondoo iliyotiwa rangi ya kahawia kwa magome au kwa majani ya chai. Unyoya wa shingo ya jogoo. Shanga mbili nyeusi. Na utepe wa upana wa nusu sentimita uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli. Jiliwa ndogo itafaa kwa kushikia ndoana. Isipopatikana, koleo iliyofungwa kwa mpira yatosha.

(a) Bana ndoana, ncha ikiwa chini. Zungusha uzi juu ya shina lote ili vitu visiteleze. Kisha kunja waya wa shaba mara kadhaa uwe kitita kifupi, ukifunge juu ya shina, karibu na tundu la mshipi.

(b) Geuza ndoana, ncha ielekee juu. Kazi yote iliyobaki ifanywe katika hali hii, kwa sababu ndivyo chambo kitakavyokaa majini. Uzito wa shaba utakuwa chini na ncha juu, na hivyo ndoana haitanasa ovyo katika mawe na mizizi. Mwalimu aeleze jambo hili kwa kitovu cha uzito: mwili ulio huru majini hutulia pale sehemu yake nzito inapokuwa chini.

(c) Kwenye kipindo funga mafungu mawili membamba ya nywele za mbuzi, moja kila upande, yaachane kama herufi V. Hayo ndiyo magando. Urefu wake usizidi nusu ya urefu wa shina. Baina yake funga nyuzi mbili za unyoya ziwe papasi, na pembeni shanga mbili ziwe macho.

(d) Hapo hapo funga ncha moja ya utepe wa mpira, ncha ya unyoya wa jogoo na kipande cha waya wa shaba, vyote vikining'inia kwa nyuma. Tutavitumia baadaye.

(e) Sokota sufi kwenye uzi, uizungushe kutoka kwenye kipindo hadi karibu na tundu. Nusu ya kwanza, ambayo ni kidari, iwe nene. Nusu ya pili, ambayo ni tumbo, iwe nyembamba.

(f) Zungusha unyoya juu ya kidari mara tatu au nne, uufunge. Nyuzinyuzi zake zitakuwa miguu. Zile zinazosimama juu zikate.

(g) Laza utepe wa mpira mgongoni hadi kwenye tundu, kisha uzungushe waya kwa nafasi zinazolingana ili kufanya pingili. Malizia kwa mafundo kadhaa ya uzi. Ncha ya utepe iliyobaki mbele ya fundo ikatwe kwa umbo la kipepeo: huo ni mkia.

Tahadhari: wakati wa mazoezi darasani, ncha ya ndoana ichomekwe kipande cha gunzi la mahindi. Kile kijino kinachomzuia samaki asichomoke ni vema kibanwe kwa koleo, ili ndoana ikimchoma mtu iweze kutolewa bila madhara makubwa.

6. Hesabu ya uzito majini

Kwa nini shaba, na si shanga za kioo? Mwanafunzi atumie kanuni ya Archimedes. Densiti ya shaba ni gramu 8.9 kwa sentimita moja ya ujazo, na ya kioo cha kawaida ni kama gramu 2.5. Tuseme tunaongeza gramu 0.5 ya kila kimoja. Ujazo wa shaba ni 0.5 ÷ 8.9, yaani kiasi cha sentimita za ujazo 0.056, maji yanayosukumwa kando yana gramu 0.056, kwa hiyo uzito unaobaki majini ni sawa na gramu 0.44. Ujazo wa kioo ni 0.5 ÷ 2.5, yaani 0.2, uzito unaobaki ni sawa na gramu 0.3 tu. Risasi, yenye densiti ya gramu 11.3, huzama upesi zaidi, lakini ni sumu kwa binadamu na kwa ndege wa majini. Shuleni isitumike.

7. Namna ya kuvua

Katika uvuvi wa manyoya ufanywao ng'ambo, mshipi wenyewe ndio mzito, nao huchukua chambo chepesi hadi mbali. Kwa mwanafunzi, ufito wa mwanzi wenye urefu wa mita tatu na mshipi wa nailoni wenye urefu uo huo unatosha. Tupa chambo karibu na magugu au mawe. Subiri kizame hadi sakafuni. Kisha vuta mara moja kwa ghafla, kiasi cha sentimita 10 hadi 15, uache kitulie. Rudia. Mbuai wengi hushika chambo wakati kinapotulia, si kinapokwenda. Besi hafungi meno kama mbwa. Hufumbua kinywa kwa ghafla na maji huingia pamoja na mawindo, naye akigundua udanganyifu hutema papo hapo. Kwa hiyo mshipi usilegee, na mkono uwe tayari.

8. Mwalimu wa Gitting afanyeje?

Sasa tuhamie nyumbani. Hebu tuseme mwalimu wa sekondari huko Gitting anataka kufundisha somo hili. Ziwa Balangida halimfai, kwa kuwa maji yake ni ya chumvi. Maji baridi yako katika vijito na mabwawa ya nyanda za juu, na katika Ziwa Basotu, magharibi ya Mlima Hanang. Humo hamna besi. Mbuai anayefahamika zaidi katika maziwa na mabwawa yetu ni kambale, na mnyama mwenye gamba wa kuigwa ni kaa wa mito wa jenasi ya Potamonautes, anayepatikana chini ya mawe katika vijito vingi vya nyanda za juu za Tanzania.

Mabadiliko haya mawili yanadai kielelezo kipya. Kwanza, kaa hana mkia wa kurukia, maana tumbo lake limekunjwa chini ya kidari. Hawezi kuruka kinyumenyume; hukimbia upande. Kwa hiyo chambo cha kaa kiwe cha mviringo, uzito uwe katikati, na kivutwe polepole kikiburura sakafu.

Pili, kambale si besi. Huwinda hasa usiku, tena mara nyingi katika maji yenye matope, ambamo macho hayamsaidii sana. Ana sharubu nane zenye kuonja na kupapasa. Je, chambo cha nywele kisicho na harufu kitamshawishi? Swali hili lafaa kujibiwa kwa jaribio, si kwa kukisia. Darasa litengeneze vyambo viwili vilivyo sawa kabisa. Kimoja kichovywe katika maji ya nyungunyungu waliopondwa; cha pili kichovywe katika maji matupu. Vivuliwe kwa zamu, dakika 30 kila kimoja, mahali pamoja, kwa jioni kadhaa, na idadi ya mivuto iandikwe katika jedwali. Kitu kimoja tu kimebadilishwa, nacho ni harufu. Mwanafunzi atakayeelewa kwa nini mengine yote lazima yabaki sawa atakuwa ameelewa msingi wa utafiti wa kisayansi.

Kabla ya kwenda ziwani, mwalimu aulize ofisi ya uvuvi ya wilaya kuhusu vibali. Wanafunzi wasiingie majini, kwa sababu ya kichocho, na kazi imalizike kabla ya giza.

9. Kielelezo kiende, mnyama abaki

Huenda mwanafunzi mwerevu akauliza: ikiwa besi na kamba mwekundu walistawi Naivasha, kwa nini tusiwalete Basotu? Jibu limo katika historia ya Naivasha yenyewe.

Kabla ya wageni, ziwa hilo lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo sana, Aplocheilichthys antinorii. Mara ya mwisho alionekana mwaka 1962, na besi anashukiwa kuwa miongoni mwa waliommaliza. Baada ya mwaka 1970 kamba mwekundu aliongezeka upesi. Jike mmoja huchukua mamia ya mayai chini ya tumbo lake. Kwa muda alileta fedha, kwani katika miaka ya 1970 kamba wa Naivasha waliuzwa hadi Ulaya. Lakini alikula mimea. Yungiyungi wa buluu walitoweka katika sehemu kubwa ya ziwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mimea iliyokuwa ikiota chini ya maji ilikuwa imekwisha kabisa. Baadaye kamba walipopungua, mimea ilirudi kwa kiasi. Wataalamu wanakubali kwamba kulikuwa na sababu nyingine pia, kama vile kubadilika kwa kina cha maji na magugu ya kigeni. Lakini mchango wa kamba haukanushiki.

Haki inadai tuseme pia kwamba watafiti nchini Kenya walimjaribu kamba huyu katika miaka ya 1990 kama adui wa konokono wanaoeneza kichocho, na kweli aliwala. Hata hivyo, kiumbe anayekula konokono hula na mengine, huchimba kingo za mabwawa na mifereji, na anaweza kutembea nchi kavu kutoka kidimbwi hadi kidimbwi. Huko Hispania, alikopelekwa mwaka 1973, aliharibu mashamba ya mpunga. Kaa wetu wa mito hawezi kushindana naye kwa wingi. Tofauti na kaa wa baharini, watoto wa kaa wa mito hawachukuliwi mbali na maji. Huanguliwa wakiwa kaa wadogo kamili, na mama huwabeba. Kwa hiyo akimalizwa katika kijito kimoja, huchelewa mno kurudi.

Kamba mwekundu tayari yuko Kenya, na yuko Ziwa Bunyonyi nchini Uganda. Safari ya kutoka huko haihitaji meli. Yahitaji ndoo moja tu na mvuvi mmoja anayetaka chambo hai, ambaye jioni atamwaga ziwani waliobaki. Katika nchi nyingine kamba wameenea kwa njia hiyo hiyo. Na akishaingia ziwani, hakuna njia rahisi ya kumtoa.

Hapa ndipo faida kubwa ya chambo bandia inapoonekana. Chambo cha nywele za mbuzi hakizai. Kikikatika mshipi, tumepoteza ndoana moja tu. Mwanafunzi wa Gitting anaweza kumjua kamba mwekundu pingili kwa pingili, akamtengeneza kwa mikono yake na kueleza mwendo wake, bila ya kamba hata mmoja kuvuka mpaka.

Maswali na mazoezi

1. Eleza kwa nini mkia wa chambo cha kamba hufungwa karibu na tundu la mshipi, na kwa nini mpango huo haufai kwa chambo cha kaa.

2. Tafuta uzito utakaobaki majini wa gramu 0.5 ya chuma, ambacho densiti yake ni gramu 7.9 kwa sentimita moja ya ujazo. Linganisha na shaba.

3. Mtazame kaa wa mto kwa dakika 20 bila ya kumwondoa mahali pake. Andika kila mwendo aufanyao, kisha pendekeza jinsi chambo kinavyopaswa kuvutwa.

4. Katika jaribio la harufu, kuna ubaya gani kuvua chambo kimoja alasiri na cha pili usiku?

5. Mjadala: mtu anataka kuleta kamba mwekundu katika bwawa la kijiji ili wale konokono. Darasa ligawanyike pande mbili, na kila upande utoe hoja zenye ushahidi.